Kompyuta Ilifika, Masomo Hayakufika: Kisa cha Mwanafunzi Asiyeona katika Sekondari Moja ya Moshi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa elimu maalumu, walimu wa taaluma, wachapaji wa shule na yeyote anayejiandaa kumpatia mwanafunzi asiyeona kompyuta. Jina la shule, kata, mwaka na habari za familia vimeondolewa. Mwanafunzi tunamwita Z.

## Usuli

Z aliingia kidato cha pili akiwa na miaka 17. Haoni kabisa tangu utotoni. Shule ya msingi aliisoma kwa Kiswahili na kwa nukta nundu (Braille, maandishi ya kusomwa kwa vidole), katika shule yenye kitengo cha wasioona, na alitoka huko akiwa msomaji mzuri: vidole vya shahada vikitembea pamoja juu ya mstari, mkono wa kushoto ukitangulia kuutafuta mstari unaofuata kabla wa kulia haujamaliza. Sekondari aliyopangiwa ni ya bweni, iko upande wa milimani juu ya mji wa Moshi. Wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu walikuwa sita, na mwalimu wao wa elimu maalumu alikuwa mmoja.

Chumba cha elimu maalumu kilikuwa na mashine mbili za Perkins za kupigia nukta nundu, moja ikiwa na kitufe cha nukta ya nne kinachokwama, pamoja na vibao vya kuandikia kwa sindano na marundo ya karatasi ngumu. Perkins ni mashine ya kuaminika. Imekuwa ikitengenezwa tangu 1951 na umbo lake halijabadilika sana. Lakini ina uzito wa karibu kilo 5, inagonga kwa kelele darasani, na karatasi yake kubwa inabeba mistari 25 yenye nafasi 42 kila mmoja. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada uliojaa maandishi hutoa kurasa mbili na nusu hadi tatu za nukta nundu. Kitabu cha Biolojia cha kurasa 200 ni kurasa 500 na ushei, zipigwe herufi moja moja na mwalimu mwenye vipindi vingine. Haiwezekani, na hakuna aliyewahi kudai inawezekana. Kwa hiyo hoja ya kutafuta kompyuta ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jambo la pili ni lugha. Sekondari masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kusoma Kiswahili kwa vidole alitakiwa ghafla kusoma Kiingereza, na baadaye kukisikiliza kutoka kwenye mashine. Hatua hizo mbili ziligongana.

## Muhula wa kwanza

Kompyuta mpakato ililetwa na wafadhili mwezi Februari. Ilikuwa imeshatumika: Windows 10, RAM ya GB 4, betri inayokaa saa moja na nusu. Ndani yake kulikuwa na programu ya kulipia ya kusoma skrini, yaani inayotamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kompyuta, lakini haikuwa na leseni. Programu ya aina hiyo ikiwa katika hali ya majaribio hufanya kazi dakika 40, kisha hunyamaza mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Kipindi cha sekondari nacho ni dakika 40. Kompyuta ilihitaji dakika nne kuamka, kwa hiyo Z aliiwasha mapema, dakika kumi kabla ya mwalimu kuingia. Robo ya mwisho ya kipindi sauti ilikatika katikati ya sentensi, na kuiwasha upya kukala kilichobaki.

Walimu wa masomo waliipokea habari ya kompyuta kwa moyo mweupe. Kila mmoja akaanza kutuma alichonacho: picha ya ubao iliyopigwa kwa simu, kitabu cha PDF kilichopigwa skani, maswali ya miaka iliyopita yaliyotolewa kopi mara nyingi hadi herufi zimefifia. Mwalimu wa elimu maalumu alivikusanya kwenye flashi na kumkabidhi Z.

"Mwalimu, faili limefunguka ila halina maneno," Z alisema.

Mwalimu alitazama skrini, akaona ukurasa umejaa maandishi. Akahitimisha kwamba mwanafunzi hajajua kutumia kompyuta. Wiki tatu zilitumika kumfundisha tena kufungua faili, kupanda na kushuka kwa mishale, kuongeza sauti. Faili likaendelea kutamka neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya "patupu". Z alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza. Faili lilikuwa picha, na kwa programu ya kusoma skrini picha ya maandishi haina tofauti na picha ya mbuyu.

Mwezi Machi mvua za masika zilianza, umeme ukawa unakatika, na betri ya saa moja na nusu haikufika jioni. Aprili flashi ilirudi kutoka duka la steshenari mjini ikiwa na kirusi cha aina inayojulikana sana: mafaili halisi yamefichwa, na mahali pake pamejaa njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayeona hugundua haraka kwa ule mshale mdogo kwenye alama ya faili. Z alisikia majina yote yapo, akafungua moja baada ya jingine, na kirusi kikahamia kwenye kompyuta.

Wakati huohuo mashine ya Perkins ilikuwa imerudishwa kabatini. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Kila mtu alidhani kompyuta imechukua nafasi yake. Kufikia Mei, mwalimu wa Kiingereza aligundua kwamba Z anaandika maneno kama anavyoyasikia: "fotosinthesis", "enaf", "noleji". Mtihani wa Juni ulikwenda vibaya katika masomo yote isipokuwa Kiswahili na Historia. Katika Fizikia alipata alama F, ingawa darasani ndiye aliyekuwa akijibu kwa mdomo maswali ambayo wenzake wanakwepa.

## Ukaguzi wa Juni

Mwalimu wa taaluma aliitisha kikao kabla ya likizo: mwalimu wa elimu maalumu, mwalimu wa TEHAMA, mchapaji wa shule, walimu wanne wa masomo na Z mwenyewe. Uamuzi wa kumweka Z mezani ulibadilisha mazungumzo yote, maana ndiye pekee aliyejua kila faili linasikikaje.

Jaribio lilikuwa rahisi. Skrini ilifunikwa kwa karatasi ya manila, na kila mwalimu akasikiliza faili lake mwenyewe. Kati ya mafaili 23 yaliyokuwa kwenye flashi, 14 yalikuwa picha tupu. Matano yalikuwa na maandishi, lakini yalisomeka kwa mpangilio uliovurugika. Manne tu yalisomeka vizuri, na yote manne yalitoka kwa mwalimu wa Historia, ambaye huchapa notisi zake mwenyewe kwa aya za kawaida bila mapambo.

Mwalimu wa Fizikia alisikiliza mwendokasi wa mwanga. Alikuwa ameandika 3.0 x 10 na 8 ndogo juu ya kumi, kama inavyotakiwa. Kompyuta ikatamka kwa Kiingereza: tatu nukta sifuri, herufi eksi, mia moja na nane. Alirudia mara mbili, akavua hedifoni, akamuuliza Z: "Ndivyo ulivyokuwa ukisikia muhula mzima?" Z akajibu, "Ndiyo mwalimu. Nilijua si mia moja na nane, ila sikujua ni ngapi."

Swali la Hisabati la 2(x - 3) lilisikika "mbili eksi tatu". Mabano hayakutamkwa, alama ya kutoa haikutamkwa. Swali la kujaza nafasi lilisikika kama sentensi isiyopungua kitu, kwa sababu mistari ya chini inayoonyesha pengo ilirukwa. Jedwali la Jiografia lenye visanduku vilivyounganishwa lilitoa takwimu bila kujulikana ni za mkoa gani. Na maelezo yaliyowekwa kwenye visanduku vya maandishi vinavyoelea pembeni mwa ukurasa hayakusikika kabisa.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu programu. Ile ya kulipia iliondolewa, ikawekwa NVDA, ambayo ni ya bure na ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Haikatiki katikati, inafanya kazi bila intaneti, inaweza kuwekwa kwenye flashi na kutumika kwenye kompyuta yoyote ya Windows, na inakuja na sauti ya eSpeak NG yenye Kiswahili na Kiingereza. Sauti hiyo si tamu. Inasikika kama bati. Lakini inabaki wazi hata ikiongezwa mwendo sana, na msomaji anayetaka kumaliza sura nzima jioni moja anahitaji mwendo kuliko utamu.

Printa ya nukta nundu ilijadiliwa na kuachwa. Bei yake ni kubwa, fundi wake hayupo jirani, na kilichowashawishi zaidi wajumbe ni kwamba printa nayo inahitaji faili safi. Lile faili lililosema "mia moja na nane" lingechapwa "108" kwa nukta.

Simu janja yenye TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu, ingeweza kusaidia, na inasoma Kiswahili. Kikwazo kilikuwa kanuni ya bweni inayokataza wanafunzi kuwa na simu. Mkuu wa shule aliridhia simu moja ikae kwa mwalimu wa elimu maalumu, itumike chumbani kwake kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, umeme wa kompyuta unapokosekana. Ulikuwa uamuzi wa busara: kanuni ilibaki, na mwanafunzi hakukosa nyenzo.

Uamuzi mzito zaidi ulikuwa kuitoa Perkins kabatini. Hoja zilikuwa mbili. Sauti haimfundishi mtu tahajia. Neno linapita sikioni zima zima, lakini kidole hugusa kila herufi. Na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ulikuwa unamsubiri Novemba, karatasi yake ikiwa ya nukta nundu. Mwanafunzi aliyekaa miezi tisa bila kugusa nukta angeingia chumba cha mtihani vidole vikiwa vizito.

Hisabati yote ikarudishwa kwenye nukta nundu. Mlinganyo wa mistari mitano hauwezi kushikwa kichwani kwa kusikia. Unahitaji kurudi juu, kulinganisha mstari wa pili na wa tatu, na kugundua alama iliyobadilika. Kwa vidole hilo ni kazi ya sekunde chache.

Mwisho, meza ya mchapaji ikawa mlango. Hakuna faili lingemfikia Z bila kupita hapo, na walimu walitakiwa kuwasilisha notisi siku tatu kabla ya kipindi.

## Namna kazi ilivyofanyika

Mchapaji alibandikiwa karatasi hii ukutani. Iliandikwa na mwalimu wa TEHAMA pamoja na Z, na baadhi ya vipengele viliongezwa baadaye kadiri makosa yalivyojitokeza.

1. Pima kwanza. Fungua PDF, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno unaloliona kwenye ukurasa. Lisipopatikana, hiyo ni picha, usiipeleke.
2. Vichwa vya habari viwekwe kwa staili za vichwa za Word, si kwa kukoleza wino na kukuza herufi.
3. Hakuna visanduku vya maandishi, hakuna safu mbili, hakuna kuunganisha visanduku vya jedwali.
4. Pengo la kujaza liandikwe kwa neno "NAFASI", au "BLANK" kwenye karatasi ya Kiingereza.
5. Kipeo kiandikwe kwa alama ya ^. Kuzidisha kuandikwe kwa neno au kwa nyota, kamwe si kwa herufi eksi.
6. Kila mchoro uwe na sentensi mbili au tatu za kueleza kinachoonekana, na neno "tazama nundu" kama mchoro wa kugusa upo.
7. Jina la faili lianze na somo, kisha tarehe: Fizikia 14 Agosti.

Kipengele cha pili kinahitaji maelezo, kwa sababu walimu wengi wanakiona kama urembo. Kwenye Word, Z anabonyeza kitufe cha NVDA (kwake ni Caps Lock) pamoja na kitufe cha nafasi kuingia hali ya kuvinjari. Baada ya hapo herufi H inamrusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Notisi za kurasa 18 anazipitia kwa mibonyezo tisa na kujua sura nzima ina nini. Kichwa kilichokolezwa wino tu hakishikwi na H. Bila staili, njia pekee ni kusikiliza kutoka mwanzo.

Kipengele cha tano kilileta tatizo jipya wiki ya kwanza. Mchapaji aliandika 10^8 vizuri kabisa, na Z akasikia "kumi nane". Sababu: NVDA ikiwa kwenye kiwango chake cha kawaida cha kutamka alama, haitamki ^ wala mabano wala kistari cha kutoa kilichozungukwa na nafasi. Kitufe cha NVDA pamoja na P hubadilisha kiwango hicho. Kikapandishwa ngazi moja, na alama zote zikaanza kusikika. Lakini kiwango hicho kikitumika kwenye Historia kinachosha, maana kila bano na kila kistari kinatamkwa. Suluhisho lilikuwa kutengeneza wasifu miwili, yaani mipangilio miwili iliyohifadhiwa, ndani ya NVDA, kwa Ctrl, kitufe cha NVDA na P: mmoja wa sayansi, wenye alama nyingi na mwendo wa polepole, mwingine wa masomo ya kusoma.

Wasifu wa tatu ulikuwa wa Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma "ng'ombe" au "mwalimu" huyavunja maneno vipandevipande. Sauti ya Kiswahili ikikutana na "enough" husoma kila herufi kama ilivyo, e-no-u-gh. Kompyuta inaweza kubadili sauti yenyewe, ila tu kama lugha ya maandishi imetambulishwa ndani ya faili, na mafaili mengi ya shule yana Kiswahili kilichoandikwa chini ya jina la Kiingereza cha Marekani. Kumtaka mchapaji atambulishe lugha aya kwa aya kulikuwa kumwonea. Kila wasifu ukapewa kitufe chake, Z akawa anabadili mwenyewe.

Kwa vitabu vilivyopo kwenye karatasi tu, picha zilipigwa kwa simu na kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi. Ubora ulitegemea mwanga kuliko simu: kitabu kiwekwe karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, taa ya simu izimwe kwa sababu inaacha doa jeupe, ukurasa mmoja kwa picha moja, na mgongo wa kitabu ukandamizwe ili mistari isipinde. Kupiga picha ni dakika moja. Kusahihisha ni dakika nane hadi kumi kwa ukurasa, na hapo ndipo watu hukata tamaa. "rn" hugeuka "m", tarakimu 1 hugeuka herufi l, sifuri hugeuka O. Katika Historia kosa hilo linavumilika. Katika Kemia linaua swali. Kuhusu hakimiliki, walimu waliokuwa na wasiwasi walielezwa kwamba Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, unazitaka nchi wanachama ziruhusu kutengenezwa kwa nakala zinazosomeka na wasioona.

Kibodi ilifundishwa upya, dakika 40 kila jioni kwa wiki kumi. Vitufe vya F na J vina vinundu vya kiwandani. Caps Lock, ambayo ndiyo iliyofanywa kitufe cha NVDA, iliongezewa tone la rangi ya kucha. NVDA na tarakimu 1 huwasha hali ya mazoezi ambamo kila kitufe kinajitaja jina bila kufanya lolote, na hiyo ilimwondolea Z hofu ya kuharibu kitu. Hedifoni ilivaliwa sikio moja tu, ili sikio jingine libaki kwa mwalimu.

Flashi zikawa mbili. Ya walimu iliishia kwa mchapaji. Ya Z ilifungwa mpira wa pesa ili aitambue kwa kugusa, na haikuwahi kutoka nje ya geti la shule tena.

Tahajia ilirudi kwa njia ya kizamani. Kila Ijumaa Z alipewa karatasi moja ya nukta nundu yenye maneno kumi mapya ya Kiingereza kutoka masomo yote, akayasoma kwa vidole, akayapiga kwenye Perkins, Jumatatu akayaandika kwa imla.

Michoro ilitengenezwa kwa kigurudumu chenye meno, kile cha fundi cherehani cha kuhamishia alama kwenye kitambaa. Karatasi ya nukta nundu inalazwa juu ya kipande cha raba laini, kigurudumu kinapitishwa kwa nyuma, nukta zinatokea mbele. Kwa kuwa unachora kwa nyuma, mchoro lazima ugeuzwe kwanza kama kwenye kioo. Mchoro wa kwanza, ramani ya Tanzania, haukugeuzwa. Z aliugusa kimya kwa muda, kisha akauliza kwa nini Ziwa Victoria liko upande wa Dar es Salaam. Baada ya hapo ramani zote zilichorwa kwanza kwa penseli kwenye karatasi nyepesi, ikageuzwa, ndipo kigurudumu kikafuata mistari inayoonekana kwa nyuma. Mipaka ya nchi ilitiwa uzi wa kudarizi kwa gundi, mito ikabaki nukta, na kila ramani ikabebeshwa mambo matano, yasizidi. Kidole kikikutana na mistari mingi inayokatana hakijui kifuate upi.

## Matokeo

Kufikia Oktoba, Z alisoma kwa mwendo wa 55 kwenye kipimo cha NVDA cha 0 hadi 100, kutoka 30 alioanzia. Aliandika insha ya Kiingereza ya kurasa mbili kwa kipindi kimoja. Makosa ya tahajia yalipungua, ingawa hayakuisha. Herufi zisizotamkwa katika Kiingereza bado zinamponyoka.

Upimaji wa Novemba aliufanya kwa nukta nundu na Perkins, akapata nafasi ya kuendelea kidato cha tatu. Kiswahili B, Historia B, Biolojia C, Fizikia D. Hisabati ilibaki F. Walimu waliofuatilia kisa hiki wanaichukulia D ya Fizikia kama ushindi wa kweli, kwa sababu wanajua ilitoka wapi.

Kati ya walimu tisa wa masomo, sita waliweza kuwasilisha notisi siku tatu kabla bila kukumbushwa. Wawili walihitaji kukumbushwa kila wiki. Mmoja hakuwahi, na notisi za somo lake Z aliendelea kusomewa na mwenzake wa bweni wakati wa prepu.

## Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki lilikuwa kuamini skrini na kutomwamini mwanafunzi. Kauli "halina maneno" ilikuwa taarifa sahihi ya kitaalamu, imetolewa na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kuitoa. Wiki tatu zilizopotea zingeokolewa na jaribio la Ctrl na F, ambalo halifiki nusu dakika. Mwanafunzi asiyeona akisema faili halisomeki, anayepaswa kuchunguzwa kwanza ni faili.

Kosa la pili lilikuwa kuhesabu kompyuta kama mradi uliokamilika siku ya makabidhiano. Katika kisa hiki programu iliyofanya kazi ilikuwa ya bure. Gharama halisi ilikuwa saa za mchapaji: wastani wa saa moja na nusu kila siku ya shule tangu Julai. Saa hizo hazikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mchapaji alizitoa kwa sababu alikubali, na akihamishwa kesho kazi nzima inasimama. Huo ni udhaifu ambao shule haijautatua. Wafadhili wanaotaka kuleta kompyuta ya pili wangesaidia zaidi kama wangelipa saa za mchapaji mwaka mmoja na kubadilisha betri.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko ilivyotarajiwa ni ile karatasi ya manila juu ya skrini. Semina za ujumuishi walimu walikuwa wamehudhuria, na hazikubadilisha faili hata moja. Mwalimu wa Fizikia alibadilika ndani ya dakika tano, kwa sababu alisikia kazi yake mwenyewe ikiharibika sikioni mwake.

Kurudisha nukta nundu kulifanya kazi, ila kulichelewa. Kuna dhana inayoenea kwamba teknolojia ya sauti imeifanya nukta nundu kuwa ya wazee. Kwa mwanafunzi anayejifunza lugha ngeni dhana hiyo ina madhara. Sauti ilimpa Z wingi: sura, vitabu, maswali ya miaka kumi. Vidole vilimpa usahihi. Miezi minne ya kuacha kimojawapo ilionekana wazi kwenye daftari lake.

Hisabati ndiyo iliyoshindwa, na sababu inajulikana. Mwalimu wa elimu maalumu hakusoma Hisabati ya sekondari, na mwalimu wa Hisabati hajui nukta nundu. Kazi za Z zilisahihishwa kwa yeye mwenyewe kuzisoma kwa sauti, na makosa ya alama yakapotea katikati. MathCAT, kiongezi cha NVDA kinachosoma milinganyo iliyoandikwa kwa zana ya milinganyo ya Word, kilijaribiwa Oktoba na kikasoma mabano na vipeo ipasavyo. Kitamsaidia kusoma maswali. Kupiga hesabu kutabaki kwenye Perkins, na kwa hilo mwalimu wa Hisabati ameanza kujifunza tarakimu na alama za nukta nundu, saa moja kila Jumatano, kwa Z.

Kidato cha tatu Biolojia ina michoro mingi kuliko muda uliopo. Z na mwalimu wake wamechagua 14 ya kutengenezwa kwanza. Mchoro wa moyo ndio umeanza: damu yenye oksijeni imewekewa uzi, isiyo na oksijeni nukta za kigurudumu, na juu ya karatasi kuna mstari wa nukta nundu unaosema upande wa kushoto wa moyo uko kulia kwa msomaji. Z ndiye aliyetaka mstari huo uwepo.